Tovuti inatembelewa lakini simu hailii: namna tulivyojifunza kusoma takwimu za watembeleaji

Kibo_Machweo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Ofisi iko Moshi, na mezani tuko watu wanne, ukiondoa waongozaji, wapishi na wapagazi ambao huitwa safari inapopatikana. Biashara yetu haina mpita njia. Mgeni wa Uholanzi au wa Marekani hawezi kuona kibao chetu barabarani akaingia kuuliza bei. Anatukuta kwenye intaneti au hatukuti kabisa. Kwa sababu hiyo nimelazimika kujifunza takwimu za tovuti kwa kulipa ada ya ujinga, na ninaandika haya ili mwingine asiilipe mara ya pili.

Fundi aliyetutengenezea tovuti alikuwa akitutumia ripoti kila mwisho wa mwezi, nayo ilikuwa na mchoro mmoja tu wa mstari unaopanda. Tuliufurahia sana. Aprili moja, katikati ya masika, wakati ambapo njia za mlimani zimejaa tope na hata wageni wenye fedha huahirisha, mstari ule ulipanda kuliko miezi yote iliyotangulia, na katika mwezi huohuo hatukupata hata barua pepe moja ya kuulizia safari. Ndipo nilipoomba nywila na kuingia mwenyewe.

Nilipoipanga ripoti kwa nchi na miji, niliona kwamba sehemu kubwa ya watembeleaji wale ilitoka mahali ambako hatujawahi kupata mgeni, wote walifungua ukurasa wa mwanzo peke yake, na muda waliokaa ulikuwa sifuri. Hizo zilikuwa programu roboti zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana. Kundi la pili lilitoka Moshi, nalo lilikuwa sisi wenyewe: kila asubuhi kompyuta ya ofisi ilifungua tovuti, binti wa mapokezi alikagua bei akijibu wateja, na mimi niliipitia kila nilipokosa usingizi. Baada ya kuyaondoa makundi hayo mawili, mstari uliobaki ulikuwa mfupi na wa kusikitisha, lakini ulikuwa wa kweli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchambua mchele. Katika Google Analytics 4, chombo cha Google cha kuhesabu watembeleaji, kuna mahali pa kuandika anwani ya IP ya ofisi, yaani namba inayoitambulisha intaneti yenu, ili matumizi ya ndani yatambuliwe, kisha kuna kichujio ambacho ni lazima ukiwashe, kwa maana kuandika anwani peke yake hakuondoi kitu. Tatizo ni kwamba watoa huduma wengi wa intaneti hubadilisha anwani hiyo mara kwa mara. Sisi tuliweka kwenye vivinjari vyetu programu jalizi ya Google inayozuia kuhesabiwa, na tatizo likaisha. Mkiona pia kwamba takwimu za AWStats zilizomo ndani ya cPanel, jopo la kuendeshea tovuti, zinapishana sana na zile za Google Analytics, msidhani kuna mmoja anayedanganya. AWStats husoma kumbukumbu za seva, ambamo kila ombi la ukurasa limeandikwa, na ingawa hutenga roboti inazozijua, zisizojulikana hupita. Google Analytics humhesabu yule tu ambaye kivinjari chake kimeendesha msimbo uliowekwa kwenye ukurasa.

Kazi ya pili ndiyo iliyobadilisha biashara yetu, nayo ni kuamua tunahesabu nini. Tuliacha kuhesabu watembeleaji na tukaanza kuhesabu maulizo. Kwetu sisi ulizo ni mtu aliyejaza fomu au aliyebofya kitufe cha WhatsApp. Kwa fomu tulitengeneza ukurasa wa shukrani ambao mtu huuona baada tu ya kutuma, na kufunguliwa kwa ukurasa huo ndiko tunakohesabu. Kwa WhatsApp, kiungo cha wa.me hutoka nje ya tovuti, na mfumo huandika mibofyo ya viungo vya nje wenyewe ukiruhusu upimaji wake ulioboreshwa. Ulichobakiza ni kutengeneza tukio linalochagua mibofyo ya wa.me peke yake, kisha kulitia alama kuwa ni tukio muhimu. Msiitie alama mibofyo yote ya nje, la sivyo mtu aliyekwenda kusoma tovuti ya hifadhi atahesabiwa kuwa mteja.

Tukishalipata ulizo, tunarudi nyuma: mtu huyu kabla ya kutuandikia alisoma nini, aliingilia ukurasa gani, na alitokea wapi. Kwa kusoma kinyumenyume namna hiyo, mambo niliyokuwa na hakika nayo yaliporomoka moja baada ya jingine. Ukurasa wetu wa orodha ya mavazi na vifaa ulisomwa kuliko yote na haukuleta karibu ulizo lolote, kwa kuwa wanaousoma wameshalipia kampuni nyingine na wanafunga mizigo. Ukurasa unaolinganisha njia ya Machame na ya Lemosho ulikuwa na wasomaji wachache zaidi, lakini maulizo mengi yalipitia hapo. Kulikuwa na ukurasa mwingine ambao nilitaka kuufuta, unaoeleza tunavyowalipa wapagazi, uzito wanaobeba na mahali wanapolala. Niliuona kama maelezo ya kujisifu. Kumbe watu wengi waliotuandikia waliupitia kwanza. Nikaurefusha badala ya kuufuta.

Kisha kulikuwa na ukurasa wa bei. Watu walitoka kwenye njia, wakaenda kwenye bei, wakaondoka. Ukurasa huo ulikuwa na sentensi moja ya kumwomba mgeni awasiliane nasi ili apewe bei. Tulibishana ofisini mwezi mzima, kwa sababu mwenzangu aliogopa washindani wataiona, mpaka siku alipokubali kwamba washindani wanaijua tayari kwa kujifanya wateja. Tuliandika bei yenyewe na mchanganuo wake: ada za hifadhi, mishahara, chakula, usiku wa hoteli kabla na baada ya kupanda. Idadi ya maulizo haikuongezeka sana. Kilichobadilika ni maulizo yenyewe: waliotuandikia hawakuuliza tena ni kiasi gani, waliuliza kama tarehe fulani ina nafasi.

Chombo cha tatu ni Search Console ya Google, ambacho ni bure na ambacho wafanyabiashara wengi hawajawahi kukifungua. Hicho hukuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ya kuiona tovuti yako, mara ngapi ilionekana, mara ngapi ilibofywa, na wastani wa nafasi yake. Kwetu kilionyesha kwamba watu wengi hutafuta tarehe za mbalamwezi, maana wanataka kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, usiku wenye mwanga. Tarehe hizo tulikuwa nazo, ila zilikuwa ndani ya picha iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, na kwa injini ya utafutaji picha ile haikuwa na maana ya maandishi yaliyomo. Tulizichapa upya kama jedwali la kawaida lisilo na urembo. Kazi ya mchana mmoja ilituletea wasomaji kuliko tangazo la kulipia la miezi mitatu.

Nimalizie na onyo moja la haraka kwa yeyote anayeanza leo. Google Analytics 4 isipoguswa huhifadhi taarifa za kina za uchunguzi kwa miezi 2 tu. Ingia kwenye mipangilio uiweke miezi 14, ambayo ndiyo ya juu kwa akaunti ya bure. Ripoti za kawaida za jumla haziathiriki, lakini siku utakapotaka kufuatilia safari za watu wa mwaka jana utakuta hazipo. Search Console huhifadhi miezi 16. Pakueni takwimu zenu kila mwezi mziweke kwenye lahajedwali, kwa kuwa mfumo wa zamani wa Google Analytics uliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye ulifungwa kabisa pamoja na kila kitu ambacho wenyewe hawakukipakua. Mimi ni mmoja wao.

Karibuni kwa maswali.

Seremala_Keko

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye nyama. Mimi natengeneza vitanda na makabati hapa Keko, Dar es Salaam, na wateja wangu hawatafuti Google. Wanaona picha kwenye Instagram au kwenye hali ya WhatsApp, wakibofya wanafika kwenye tovuti kuona vipimo na bei. Nimefungua takwimu zangu baada ya kukusoma. Karibu robo tatu ya watembeleaji wameandikwa Direct, kana kwamba wote walikaa chini wakaandika jina la tovuti yangu herufi kwa herufi, jambo ambalo siliamini. Pia naona karibu wote wako Dar es Salaam, wakati nasafirisha mizigo hadi Songea na Mbeya. Je, takwimu hizi zinafaa kwa mtu kama mimi?

Kibo_Machweo

Zinafaa, Mkuu, ila una haki ya kutoziamini zilivyo sasa. Neno Direct halina maana kwamba mtu aliandika anwani kwa mkono. Lina maana kwamba mfumo haukuambiwa alikotoka, na kiungo kinachofunguliwa kutoka ndani ya WhatsApp mara nyingi huja bila maelezo hayo. Hao robo tatu yumkini ni wateja wako wa WhatsApp waliovaa kofia ya watu wasiojulikana.

Dawa yake ni kukibandika kila kiungo lebo kabla ya kukituma. Mwishoni mwa anwani ya ukurasa unaongeza maneno kama haya: ?utm_source=whatsapp&utm_medium=hali&utm_campaign=vitanda_juni. Kiungo unachokiweka Instagram unakipa chanzo cha instagram, na kile kilichochapwa kwenye kadi zako kama msimbo wa QR unakipa chanzo cha kadi. Herufi tatu hizo za mwanzo, utm, zimebaki kutoka Urchin, programu ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuigeuza kuwa Google Analytics. Andika herufi ndogo siku zote, kwa sababu WhatsApp yenye herufi kubwa na whatsapp yenye herufi ndogo vitahesabiwa kuwa vyanzo viwili. Usithubutu kuweka lebo hizo kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako mwenyewe: mtu aliyetoka Instagram akibofya kiungo cha ndani chenye lebo, alama ya alikotoka itaharibika.

Kuhusu miji, usipange gari la mizigo kwa kuitegemea ripoti hiyo. Mji hukadiriwa kwa anwani ya IP, na simu iliyoko Songea hupitia mitambo ya kampuni ya simu ambayo anwani zake zinaweza kusomeka kuwa ziko Dar es Salaam. Nchi huaminika kwa kiasi kikubwa, mji hauaminiki. Vilevile wako wanaotumia vivinjari vinavyobana data, kama Opera Mini, ambavyo katika hali ya kubana sana huzuia baadhi ya misimbo, kwa hiyo mteja anaweza kusoma bei yako yote na asihesabiwe kabisa.

Mzee_wa_Daftari

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini, na nitawauliza swali la mtu aliyeuza duka kwa miaka mingi. Tovuti ya mwanangu hupata watu wasiofika mia mbili kwa mwezi. Mwezi uliopita walinunua watatu, mwezi huu watano, naye anatangaza kwamba mauzo yamepanda kwa karibu asilimia sitini na saba baada ya kubadilisha rangi ya kitufe. Mimi naona amepata wateja wawili zaidi, basi. Je, kwa biashara ya kiasi hicho, kalamu na daftari havitoshi?

Kibo_Machweo

Shikamoo, Mzee. Kwa mfano ulioutoa, wewe ndiye uliyesoma takwimu sawasawa na mwanao ndiye aliyezikosea. Tofauti ya watatu na watano inaweza kuletwa na mvua, na mwezi mmoja haumtoshi mtu mwenye watembeleaji mia mbili kujua kama rangi ya kitufe imefanya kazi. Mimi mwenyewe siandiki asilimia yoyote ambayo chini yake hakuna angalau mamia kadhaa ya watu. Naandika idadi kamili, na mtu ajionee udogo wake.

Lakini kwa daftari nitaongeza neno, kwa kuwa sisi tunalo na ndilo lililotuokoa na kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Kila mgeni anayethibitisha safari tunamuuliza alitufahamu vipi, na jibu lake linaandikwa kwa mkono pembeni ya jina lake. Takwimu zilikuwa zikisema kwamba utafutaji wa Google ndio unaotuletea wateja wengi, na tulikuwa karibu kuhamishia fedha zote huko. Daftari lilisema vingine: wengi waliambiwa na rafiki au ndugu aliyewahi kupanda nasi, kisha wakaandika jina la kampuni yetu Google ili watupate. Kwa mfumo, huyo ni mtu wa utafutaji. Kwa ukweli, huyo ameletwa na mgeni wa mwaka juzi aliyeshuka mlimani akiwa ameridhika.

Niliporudi Search Console nikawatenga waliotafuta jina letu na waliotafuta maneno kama njia ya Lemosho au bei ya kupanda, picha ilikubaliana na daftari. Sehemu ya fedha za matangazo tuliielekeza kwenye kuwaandikia wageni wa zamani kila mwaka, tukiwatumia picha zao na kiungo chenye lebo cha kumpa rafiki. Kwa hiyo, Mzee, daftari halitoshi peke yake, na takwimu hazitoshi peke yake.

Dada_wa_Diani

Salaam. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita huku Diani, pwani ya kusini mwa Kenya, na wageni wangu wengi ni Wajerumani. Mwaka jana niliweka dirisha dogo linalomwomba mtu ruhusa kabla ya kumhesabu, na tangu siku hiyo idadi ya Wajerumani ilishuka ghafla, ingawa vyumba vilijaa kama kawaida. Jirani yangu ameniambia niliondoe dirisha hilo kwa sababu linafukuza watu. Nifanye nini?

Kibo_Machweo

Dada, usiliondoe. Dirisha hilo halikufukuza watu, liliwapa nafasi ya kukataa kuhesabiwa, nao wameitumia. Vyumba vyako ndivyo vinavyosema ukweli hapa. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweza kumgusa hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya ikiwa anawalenga watu walioko huko au anafuatilia mienendo yao, na wewe unawalenga. Nyumbani kwenu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na huku kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Unachotakiwa kufanya ni kuweka alama ya tarehe ya siku ulipoliweka dirisha, na usilinganishe kamwe miezi ya kabla na ya baada kana kwamba ni mizani moja. Linganisha Julai yenye dirisha na Julai yenye dirisha. Angalia pia kama fomu yako ya kuweka nafasi haiweki jina au barua pepe ya mgeni ndani ya anwani ya ukurasa wa shukrani, kosa nililolikuta kwetu, kwani taarifa hizo hunaswa na takwimu pasipo wewe kujua, na masharti ya Google yanalikataza. Kama unataka takwimu zikae mikononi mwako, iko Matomo, iliyokuwa ikiitwa Piwik, ambayo unaweza kuiweka bure kwenye seva yako mwenyewe. Inahitaji fundi wa kuisasisha, na hapo ndipo gharama yake ilipo.

Seremala_Keko

Narudi kutoa taarifa, Mkuu. Nimebandika lebo kwa wiki tano. Hali ya WhatsApp inaleta watu wachache, lakini ndio wanaobofya kunipigia. Instagram inaleta umati ambao haufiki hata kwenye bei. Nilitaka kuiacha Instagram, kisha nikafungua ripoti ya vifaa na kuona wote hao wako kwenye simu, nikachukua simu ya mke wangu na kifurushi chake cha kawaida nikaifungua tovuti kama mteja. Nilihesabu hadi kumi na nne kabla picha ya kwanza ya kitanda haijatokea. Picha zangu zimepakiwa jinsi zilivyotoka kwenye kamera.

Kibo_Machweo

Hapo umegundua jambo ambalo hakuna ripoti ingekuambia kwa sauti kama hiyo, na nafurahi kwamba hukuiacha Instagram kabla ya kuchukua simu ya shemeji. Kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Watu wa WhatsApp wanakujua, kwa hiyo wanavumilia. Wa Instagram hawakujui, kwa hiyo wanaondoka. Punguza picha ziwe na upana unaolingana na kioo cha simu, zihifadhi kwa WebP, muundo mwepesi wa picha, kisha upime ukurasa kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, kabla na baada.

Fanya hilo peke yake mwezi huu. Usibadilishe bei, usibadilishe maneno, usiongeze tangazo, maana ukigusa vitu vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Na kwa kuwa wateja wa fenicha wengi hununua mishahara inapotoka, usilinganishe wiki ya kwanza baada ya kurekebisha na wiki iliyotangulia. Subiri mwisho wa mwezi uulinganishe na mwisho wa mwezi uliopita.

Seremala_Keko

Nimeelewa. Picha ziko mia moja na arobaini, naanza na za vitanda usiku huu.